Gari linalogoma asubuhi za kipupwe: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Gari lililolala nje Makete, Njombe au Mafinga kati ya Juni na Agosti haliamki kama lile lililolala Kinondoni. Ndivyo ilivyo pia Nyahururu na Limuru upande wa Kenya. Joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10, na kwenye nyanda za Kitulo umande huganda juu ya boneti. Wengi wana dawa moja tu: wanawasha, wanaliacha liungurume robo saa, wanaingia ndani kunywa chai. Wakitoka linakwenda, basi wanaona wamelitibu.

Hawajalitibu. Injini isiyo na ubovu, hata kwa baridi ya Makete, inatosheka na nusu dakika hadi dakika moja, kisha inataka kuendeshwa taratibu. Gari linalodai dakika kumi ndipo likubali kuondoka lina kifaa kilichokufa au kilichong'olewa, na ile robo saa ya kusubiri inakificha tu.

Yasiyo ubovu

Injini ya petroli inayoongozwa na kompyuta ikiwaka kwenye baridi, mizunguko hupanda hadi 1,200 au 1,500 kwa dakika, kisha hushuka yenyewe kidogo kidogo hadi karibu 700 kadiri maji yanavyopata joto. Usiipige vita. Mvuke mweupe mwembamba kwenye eksozi na matone ya maji yanayodondoka ni maji yanayotokana na mafuta kuungua, yakakutana na bomba la baridi. Yatakoma bomba likipata moto. Gari la otomatiki likichelewa kuingia gia ya juu kabisa kwa kilomita chache za mwanzo, usikimbilie kufungua giaboksi: kompyuta huizuia gia hiyo makusudi hadi injini ipate joto. Dizeli nayo hugonga kwa sauti zaidi ikiwa baridi.

Ile dakika moja ni ya oili kupanda kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hadi juu kwenye valvu, na kufika kwenye turbo kama ipo. Baada ya hapo ondoka, usivuke mizunguko 2,500, wala usikanyage mafuta kwa nguvu kwa dakika tano hadi kumi. Injini inayovuta mzigo mwepesi hupata joto haraka kuliko inayounguruma imesimama. Ikisimama inaendelea kumwagiwa mafuta mengi, na petroli isiyoungua huteleza kwenye kuta za silinda, ikaosha utando wa oili na kushuka kwenye sampu. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kama kinanuka petroli na oili imepanda juu ya alama, gari hilo linapashwa mno na kuendeshwa kidogo mno. Tena giaboksi, beringi za magurudumu na shokapu hazipati joto lolote gari likiwa limesimama.

Na kamwe usipashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika tano. Hewa ya sumu ya eksozi haina harufu ya kukuonya.

Stata inazunguka kwa uvivu, au inabofya tu

Anza na betri. Joto la Pwani ndilo linaloiua betri; baridi ya nyanda za juu inatangaza tu msiba. Betri iliyochoka inaweza kuwasha gari Dar es Salaam mwaka mzima, ikafika Njombe ikagoma siku ya kwanza. Kwenye nyuzi 0 betri hutoa takribani asilimia 80 ya nguvu inayotoa kwenye nyuzi 25, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme zaidi ya kawaida.

Pima asubuhi kabla ya kugusa swichi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu. Kisha mtu mmoja apige stata huku mwingine akitazama mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama ilisoma 12.5 ikiwa imetulia. Gari likiwaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Ukiwa chini ya hapo, ubovu uko kwenye altaneta (mtambo unaochaji betri) au mkanda wake, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Kama betri ni nzima na stata bado nzito, tafuta umeme unakopotelea. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Zaidi ya volti 0.5 maana yake waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, una kutu au umelegea. Ule unga mweupe wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, ukaushe, kaza, upake grisi. Kazi ya dakika kumi, na mara nyingi inamwokolea mtu fedha ya betri.

Ukiazima umeme wa gari jingine: chanya kwa chanya, waya wa hasi kwenye betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayowaka, na cheche ya mwisho isitokee juu yake.

Oili nayo ina sehemu yake. Namba iliyo mbele ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotembea ikiwa baridi, ile ya nyuma ikiwa ya moto. 20W-50 iliyozoeleka kwenye magari ya zamani haigandi kwa nyuzi 5, lakini inapanda polepole kwenye injini ndogo za kisasa zilizoundwa kwa 5W-30, zenye matundu membamba na valvu zinazorekebishwa kwa presha ya oili. Fuata kitabu cha gari. Kwa dizeli kongwe kama injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, 15W-40 inafaa.

Petroli: stata inazunguka vizuri, haliwaki

Fungua plagi moja. Ikiwa imelowa na inanuka, injini imezama kwenye mafuta. Hili hutokea sana kwa gari lililowashwa likasogezwa mita tano kupisha jingine, kisha likazimwa likiwa baridi. Kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, piga stata sekunde tano hadi nane. Kompyuta nyingi huelewa ishara hiyo na kukata mafuta ili hewa ikaushe silinda. Likigoma, pumzisha stata nusu dakika kabla ya kurudia.

Plagi ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Washa swichi bila kupiga stata, sikiliza chini ya kiti cha nyuma: magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi. Zima, washa tena, mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka kirahisi kwa njia hiyo na kugoma bila hiyo, presha inashuka usiku, ama kwa valvu ya pampu isiyozuia mafuta kurudi au nozeli (kinyunyizio cha mafuta) inayovuja.

Plagi zilizochakaa hujitokeza asubuhi kwanza. Cheche ina kazi ngumu kuwasha mafuta ya baridi, na pengo lililopanuka linaidai umeme zaidi. Injini nyingi ndogo za Toyota hutaka milimita 1.0 hadi 1.1. Kama gari linamisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka, siku za ukungu tu, shuku koili (inayoipa plagi umeme) au mpira wake wenye ufa. Usiku, fungua boneti kwenye giza, nyunyiza maji kidogo sana kuzunguka koili injini ikiunguruma: cheche za buluu zitakuonyesha ufa ulipo. Mikono ikae mbali.

Linawaka, kisha linazima au linatetemeka hadi lipate joto

Hapa mafundi wengi hukimbilia kupandisha sailensa, yaani mizunguko ya injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa skrubu. Gari halizimi tena asubuhi, lakini mchana linaunguruma kwenye mizunguko 1,100 likila mafuta. Chanzo kimebaki palepale.

Vua bomba la hewa utazame mlango wa throto, ule unaopitisha hewa ya injini. Masizi meusi yaliyojipanga kama pete kuzunguka kipande cha shaba yanaziba hewa kidogo ambayo injini baridi inaitegemea. Safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini, pamoja na valvu ya sailensa na tundu lake. Kwenye throto za umeme usiusukume mlango kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Baada ya kusafisha, gari huweza kuunguruma vibaya kwa dakika chache hadi kompyuta ijifunze upya. Hilo si ubovu mpya.

Kama throto ni safi, pima sensa ya joto la maji. Hii ndiyo inayoiambia kompyuta kuwa kuna baridi na mafuta yaongezwe. Sensa za Toyota husoma takribani kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni ya moto, gari linakosa mafuta asubuhi na kuzima. Ikidanganya kwamba ni baridi siku nzima, moshi unakuwa mweusi na tangi linakauka. Mara nyingi taa ya injini haiwaki kwa sababu sensa haijakatika, imepotoka tu.

Mpira wa hewa wenye ufa nao husinyaa ukiwa baridi na kuvuja, kisha hujiziba ukipata joto. Pinda kila mpira kati ya throto na manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kwa vidole.

Dizeli: linazunguka muda mrefu, moshi mweupe unawasha macho

Moshi huo ni dizeli mbichi. Imenyunyizwa, haikushika moto, imetoka kama ilivyoingia. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa, na nyanda za juu zinaionea mara mbili: chuma cha silinda ni baridi, na hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,000, presha ya hewa iko chini ya ile ya Pwani kwa takribani asilimia 20. Injini kongwe zenye kichumba cha kuwashia, kama 1HZ na familia ya 2L, 3L na 5L za Toyota, ndizo zinazotegemea zaidi hita plagi, yaani vijiti vya umeme vinavyopasha kichumba hicho.

Gari la silinda nne lenye hita plagi mbili zilizokufa litawaka Morogoro bila mwenyewe kujua. Njombe litazunguka sekunde 20, litashika silinda mbili, litatetemeka na kutapika moshi dakika tatu hadi zile nyingine zijiunge. Ukisikia injini inashika silinda mojamoja hivyo, usitazame pampu kwanza.

Fungua kile kipande cha chuma kinachounganisha vichwa vya hita plagi, ili kila moja ijitegemee. Pima kati ya kichwa na chuma cha injini: nzima husoma kati ya nusu omu na omu mbili, iliyokufa haisomi kitu. Huna mita? Chukua taa ya kupimia, funga upande mmoja kwenye chanya ya betri, gusisha mwingine kichwani mwa plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Badilisha zote pamoja, na usome volti iliyochongwa juu yake. Hapa ndipo spea nyingi huharibikia: plagi ya volti 6 ikipewa volti 12 moja kwa moja inaungua kwa sekunde chache, na ncha yake ikivimba huweza kukatikia ndani ya silinda.

Plagi zikiwa nzima, pima kama umeme unazifikia swichi ikiwashwa. Kusipokuwa na kitu, tazama fyuzi kubwa, kisha rilei, kisha taima. Magari mengi yamefungiwa swichi ya kubonyeza badala ya taima (inayopima muda wa kupasha) iliyokufa. Inafanya kazi, lakini haijui kuachia, na dereva mwenye haraka huishikilia hadi plagi ziungue. Kwa gari lenye mfumo wake wa asili, subiri taa ya hita plagi, yenye alama ya koili, kwenye dashibodi izime, ongeza sekunde tano, piga stata. Asubuhi ya umande ulioganda, rudia kuwasha swichi mara mbili kabla ya kupiga.

Kama hita plagi ziko sawa na hakuna moshi wowote wakati stata inazunguka, dizeli haifiki. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini, na gari likawaka baada ya kuipampu mara 20 au 30, kuna hewa inayoingia na kurudisha mafuta tangini usiku. Ya kwanza kushukiwa ni ile mipira myembamba ya kurudishia mafuta inayounganisha nozeli, na kile kikofia kidogo mwishoni mwake. Ni ya bei rahisi na inapasuka kimya kimya. Legeza pia kifungulio kilicho chini ya filta, pampu hadi maji yatoke na dizeli safi ifuate.

Kuna kifaa kimoja kinachosahauliwa: kile cha nta kilicho ubavuni mwa pampu ya nozeli, kinachopitishiwa maji ya injini. Kikiwa baridi kinapandisha sailensa na kuwahisha unyunyizaji. Fundi aliyekutana na uvujaji hapo huunganisha mipira miwili pamoja na kukiacha bila maji. Kikikosa maji ya moto hakijui tena injini imepata joto, na kikikwama upande wa joto injini inagonga na kutoa moshi kila alfajiri. Fuata mipira hiyo kwa mkono uone inakwenda wapi.

Sasa yale yanayofanyika vijijini na lazima yaachwe. Dawa ya kupulizia ya kuwashia ikiingia kwenye injini ambayo hita plagi zake ni nyekundu hulipuka ndani ya manifoldi, na huweza kuvunja pistoni. Kitambaa chenye petroli kilichowashwa mdomoni mwa bomba la hewa ni hatari ileile. Jiko la mkaa chini ya sampu linachoma mpira wa mafuta kabla halijalainisha oili.

Sauti za asubuhi

Mlio wa filimbi unaokoma baada ya sekunde chache ni mkanda uliolegea au uliokomaa, ukiwa na umande. Mchakacho wa sekunde mbili tatu mara injini inapowaka ni oili iliyorudi yote kwenye sampu. Mara nyingi filta ya bei ya chini haina mpira wa kuizuia. Badilisha filta kwanza. Mchakacho ukiendelea, ndipo mnyororo wa taiming na kikazio chake vikaguliwe. Moshi wa buluu wa dakika ya kwanza tu ni sili za valvu. Mweupe mzito usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya silinda hedi, na gari hilo lisiendeshwe.

Mshale wa joto hauinuki

Hili ndilo linalodhuru magari mengi, na chanzo chake ni desturi. Gari lilichemka siku moja, fundi akang'oa thamostati (kile kizibo kinachozuia maji yasizunguke rejeta hadi injini ipate joto), likaacha kuchemka, na tangu hapo likahesabiwa limepona. Pwani madhara yake hayaonekani upesi. Ukilipandisha Makete, maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza, na injini haifiki joto lake hata baada ya kilomita 20.

Dalili zake: mshale unabaki robo, ukishuka mteremko unarudi chini kabisa; hita ya ndani inapuliza vuguvugu; ulaji wa mafuta umepanda, kwa sababu kompyuta inaendelea kumimina kama vile ndiyo kwanza gari limewashwa. Fungua kifuniko cha oili. Kukiwa na utando wa rangi ya maziwa chini yake na gari linatembea safari fupi, huo ni mvuke uliokosa joto la kuutoa. Lakini maji ya rejeta yakipungua pia, rudi kwenye gasketi.

Jaribio halihitaji kifaa. Washa injini baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Kwa thamostati nzima mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla inapofunguka. Ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, imekwama wazi au haipo. Baadhi ya injini, zikiwemo nyingi za Toyota, huweka thamostati upande wa mpira wa chini. Hapo juu hupata joto mapema na ni ule wa chini unaobaki baridi, basi tazama nyumba yake ilipo kabla ya kuhukumu.

Thamostati uliyonayo ipime kwenye sufuria. Itundike kwa uzi isiguse kitako, pasha maji huku kipimajoto kikiwa ndani. Namba ya nyuzi imechongwa juu yake, nyingi kati ya 80 na 90. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na ukiitoa ijifunge kabisa. Shikilia kwenye mwanga uone kama kuna upenyo. Ukiirudisha, kile kivalvu kidogo cha kutoa hewa kikae upande wa juu, la sivyo hewa itanaswa na gari litachemka kweli, na lawama zitairudia thamostati.

Kabla ya kuifunga, tafuta kilicholichemsha gari mwanzoni: rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, kifuniko kisichoshika presha. Kisha usijaze maji ya bomba. Maji matupu yakiganda hupanuka kwa takribani asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua rejeta na hata bloku. Kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi hustahimili baridi ya takribani nyuzi 37 chini ya sifuri, kupita chochote Kitulo inachoweza kuleta, na huzuia kutu inayoziba rejeta. Jaza polepole hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, acha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi hadi mpira upate moto na mapovu yaishe, ongeza, funga. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama kiwango tena.